Mita Moja na Nusu ya Ukuta

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kikao cha mtandaoni, saa nne asubuhi. Watu watano, kila mmoja ndani ya kisanduku chake. Mama Laure, mkubwa wetu, yuko Kinshasa. Wawili wako Moba. Kalemie tuko wawili: mimi na Rubens. Kazi yetu ni kukusanya masimulizi ya watu waliopoteza nyumba ziwa lilipopanda, kuyaandika kwa Kiswahili, kuyatia katika Kifaransa, mwishowe kitoke kitabu. Tangu biro, ofisi yetu ya mjini, ifungwe, kila mtu anafanyia kazi nyumbani kwake.

Mama Laure alitangaza jambo zito. Jumatatu ijayo atachagua mkuu wa timu ya Kalemie. Kontra, mkataba wa miaka miwili. Nikakaa wima.

Kisha akamgeukia Rubens. Badala ya kumwuliza kazi imefika wapi, akamwuliza ile taa ya chuma nyuma yake ni ya nini. Rubens akasema ni ya baba yake, aliyekuwa akiwapungia madereva wa treni pale Kabalo. Kando ya taa kuna picha ya mwanamke anatwanga muhogo. Kuna kibuyu. Kuna vitabu. Wakaongea juu ya ukuta wa Rubens dakika saba kamili, nilikuwa natazama saa. Mama Laure akasema inaonekana wazi kwamba huyu ni mtu anayejali kumbukumbu.

Nikatazama kisanduku changu. Nyuma yangu: pazia la maua, cherehani ya mke wangu, gunia la vipande vya vitenge, na gauni la arusi la mteja limetundikwa kwenye msumari. Kikao kizima nilikuwa nimesimamiwa na bibi arusi asiye na kichwa.

Katika ripoti za mwezi, Rubens ameleta masimulizi tisa. Mimi mawili. Lakini hilo si tatizo. Tatizo ni ukuta.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepima. Kamera inaona mita moja na nusu tu ya ukuta. Huo ndio unaohitaji kupendeza. Nimeuzungushia mstari wa chaki. Ndani ya mstari, sanaa na hazina za ukoo. Nje ya mstari, maisha yaendelee.

Ilibaki kumwambia Salama. Chumba hiki kilikuwa chake cha kushonea tangu tuoane, mimi nilipewa kona baadaye. Nikamweleza kwa upole kwamba barazani kuna mwanga mzuri zaidi kwa macho yake. Akauliza mvua ikinyesha. Nikamwambia mvua hainyeshi kila siku. Ikanyesha saa nane.

Kufikia jioni alikuwa amehamisha kila kitu, amefunga turubai juu ya baraza, anashona. Hakusema neno. Kimya cha Salama ni cha aina mbili: cha uchovu na cha kungojea. Sikuweza kujua hiki ni kipi.

Mama Maimouna akapita. Ni mama yake Salama, anakaa kwetu tangu ziwa limchukulie nyumba yake ya ufukoni, mwaka jana. Aliutazama mstari wa chaki, akauliza kama ni alama ya wale wanaokuja kubomoa. Nikamwambia hapana Mama, ni biro. Akasema ah, akaenda zake na tasbihi yake.

Alhamisi, 6 Novemba

Picha imefika. Nilimwagiza Chadrack, anayechora vibao vya vinyozi, mabucha na famasia mjini kote. Nilimwambia: ziwa, meli ya zamani, jua linachomoza. Kubwa.

Si uongo, ziwa amelipatia. Lile buluu la adhuhuri, linaloumiza macho. Meli inatoa moshi kama meli. Lakini chini ya meli, katikati ya maji, kwa rangi ya njano, ameandika namba yake ya simu. Kila tarakimu ndefu kama kiganja changu.

Nikamwambia hii ni sanaa, si kibao cha duka. Akajibu kwamba ndiyo maana ameiandika mara moja tu.

Kuifuta na kupaka upya, amesema siku nne, kwa sababu ya unyevu. Sina siku nne. Nikaitundika hivyohivyo, nikawasha kamera nione hasara. Kumbe kwenye kioo cha kompyuta namba inaonekana kinyumenyume, kama maandishi kwenye kioo cha kujitazamia. Hakuna binadamu anayeweza kuisoma. Tatizo limejitatua lenyewe. Nimelala usingizi mzuri mchana.

Ijumaa, 7 Novemba

Hazina ya kwanza: kasia. Nimelipata ufukoni jana jioni kwa mvuvi mmoja aliyekuwa akivuta mtumbwi. Limechakaa vizuri, mpini unang'aa kwa mikono ya miaka. Nikalitundika kwa mshazari, upande wa kushoto wa meli.

Leo alfajiri mvuvi akabisha hodi. Kwa adabu kabisa akaomba kuliazima kasia. Ana lingine moja tu, na kwa kasia moja mtumbwi wake unazunguka palepale. Nikalitoa ukutani. Kasia lilikwenda kuvua. Limerudi saa tano na magamba ya samaki, mikebuka. Paka wa jirani amehamia chini ya meza yangu na haondoki.

Mchana nikaenda kwa Rubens, anakaa karibu na stesheni. Nilisema nimekwenda kumsalimu. Nilikwenda kupeleleza. Nilitegemea kukuta ukuta mmoja mzuri na takataka pembeni, kama kwangu. Nikakuta chumba kizima kiko vile. Mpaka nyuma ya mlango. Kila kitu kina mwenyewe na habari yake: kibuyu cha nyanya yake, mizani ya shangazi aliyeuza chumvi, barua za kaka aliyekwenda kufanya kazi kule Bendera asirudi. Nikamwuliza alivinunua wapi. Akasema hakununua hata kimoja.

"Vilibaki tu," akasema.

Sikulipenda neno hilo.

Alinipa chai, akanimegea mkate. Akalalamika kwamba wazee wanawake hawataki kusimulia habari za ziwa. Wanaona haya. Akaniuliza kama namjua hata mmoja, mama mzee aliyepoteza nyumba, ambaye angekubali kuongea. Nikafikiri kwa uaminifu. Nikamwambia hapana, simjui.

Jumapili, 9 Novemba

Ukuta hauna moyo. Meli kulia, kasia kushoto, katikati msumari mtupu. Nimejaribu saa ya ukutani. Nimejaribu kofia yangu ya zamani. Nimejaribu kalenda, nikajionea aibu.

Ndipo nikakumbuka. Siku Salama alipokuwa akifagia chumba cha mama yake, mlango ukiwa wazi, niliona chini ya kitanda kitu cha duara kimefungwa katika kitenge, pembeni kinametameta.

Leo wote wawili wamekwenda matangani, mtaa wa juu. Sasa, mukwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake. Nalijua hilo, nimelelewa. Kwa hiyo sikuingia. Nilisimama mlangoni, nikanyoosha kasia, nikakivuta polepole mpaka kizingitini. Mguu wangu haukuvuka.

Ni sinia la shaba. Pana kupita mikono yangu iliyokunjwa, lina majani yaliyochongwa na maandishi ya Kiarabu kuzunguka ukingo. Nikalisugua kwa ndimu na majivu nusu saa. Nikalitundika. Nikawasha kamera.

Ni kama jua limekuja kukaa bironi. Linanipiga mwanga shavuni. Ninaonekana mtu aliyesoma kupita nilivyosoma.

Mpango: kikao kinaisha saa tano. Saa tano na dakika tano sinia liko chini ya kitanda. Hakuna atakayejua. Nimelipitia jambo hili pande zote na sijaona tundu.

Jumatatu, 10 Novemba

Naandika haya nikiwa nimekaa jikoni.

Saa nne nilikuwa tayari, shati jeupe. Salama na mama yake walikuwa barazani, mmoja anashona, mwingine anaambua maharage. Kati yao na mimi kuna dirisha moja na pazia. Nilisikia maharage yakianguka kwenye beseni, tak, tak. Sauti ya amani.

Mama Laure aliuona ukuta mara moja. Swali lake la kwanza: ile namba ya simu ni ya nani. Akaisoma yote, bila kukosea. Kumbe kinyumenyume naiona mimi peke yangu. Mmoja wa Moba akaiandika, anasema dada yake anafungua famasia na anatafuta mchoraji.

Swali la pili: sinia.

Nilikuwa nimeandaa sentensi moja. Zikatoka nyingi. Nilisema ni la babu yangu, mfanyabiashara, aliyevuka kutoka Ujiji na chumvi na nguo. Nilisema ziwa lilipokuja sisi tuliacha vyote, lakini mimi nilirudi, nikaingia majini mpaka kifuani, nikalitoa kwa mikono hii. Nikaionyesha mikono. Sauti ilinitetemeka na sikuilazimisha. Mama Laure alivua miwani. Yule wa Moba alifungua sauti yake ili tu apumue kwa huzuni.

Maharage yakanyamaza.

Mlango ukafunguliwa. Mama Maimouna akaja akasimama nyuma yangu, ndani ya kisanduku changu, katikati ya meli na kasia. Hakunitazama. Aliwasalimu wote, akawauliza habari za nyumbani kwao na watoto, wakajibu mmoja mmoja. Kisha akasema:

"Mukwe wangu si muntu mubaya. Lakini babu yake alikuwa analima mihogo kule Nyunzu. Ziwa aliliona mara moja, siku ya ndoa ya huyu. Akaliogopa."

Hakuna aliyecheka. Ningeona afadhali wangecheka. Mama Laure akamwuliza taratibu: Mama, sinia ni la nani?

"Ni yangu. Njo kitu kimoja tu nilichotoka nacho."

Akakaa. Kwenye kiti changu, maana nilikuwa nimeinuka. Akasimulia. Mume wake, marehemu Abedi, alilileta kutoka Kigoma mwaka Mama alipomzaa mtoto wao wa kwanza. Watoto saba wamekula humo, mikono saba kwa pamoja, na wawili kati yao wako ardhini. Asubuhi maji yalipoingia ndani, majirani walipiga kelele: chukua makaratasi, chukua nguo. Yeye akachukua sinia. Akalitia kichwani, akatoka nje, maji kiunoni. Kijana mmoja aliyepanda juu ya paa alipomwona anapita na sinia kichwani akamwita: Mama, maandazi yamebaki? Akamjibu yamekwisha. Akawa anatembea majini anacheka. Alipofika pakavu akashindwa kuacha kucheka. Halafu hakikuwa tena kicheko.

Salama alikuwa amesimama mlangoni na pini mdomoni. Yeye alikuwa anajua. Mimi nina miaka kumi na tisa katika ukoo huu na nilikuwa sijui kama kuna watoto wawili.

Mama Laure akauliza kama amewahi kuyasimulia haya kwa mtu.

"Mwaka mzima na zaidi ninalala katika nyumba ya muntu anayeandika habari hizi," akasema Mama Maimouna. "Hajaniuliza."

Nilitazama vitufe vya kompyuta. Herufi A inaanza kufutika.

Kisha akainuka, akalitoa sinia ukutani. Msumari ulifuatana nalo, na kipande cha plasta. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye maandishi.

"Limeng'aa," akasema. "Hilo nalo."

Akatoka. Paka akamfuata.

Jumanne, 11 Novemba

Barua ya Mama Laure imefika asubuhi. Fupi. Mkuu wa timu ya Kalemie ni Rubens. Kitabu kitafunguliwa na masimulizi ya Mama Maimouna, na atalipwa kama msimulizi mkuu. Rubens ataongoza mazungumzo na kurekodi. Yatarekodiwa nyumbani kwangu, katika biro yangu, kwa kuwa mama atakuwa huru zaidi kwake, na kwa kuwa ukuta, hata bila sinia, unapendeza. Mimi nitayaandika yote anayoyasema, neno kwa neno, pamoja na anapokohoa na anapocheka.

Salama aliisoma juu ya bega langu. Nikaona niwahi kuwa muungwana, nikamwambia basi, mambo yakiisha nitamrudishia chumba chake. Akasema hakitaki. Barazani watu wanaopita wanaona nguo. Lile gauni la arusi limekaa nje wiki moja na limeleta mabibi arusi watatu. Kile kimya chake, kumbe, kilikuwa cha kungojea.

Halafu akasema, kwa sauti ya chini: "Nenda kwa Mama."

Nikaenda. Alikuwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Nikakaa chini mbali kidogo, macho kwenye udongo, nikaomba msamaha. Niliongea kirefu. Nilitumia neno heshima mara nyingi. Alisikiliza mpaka mwisho, akawa na swali moja. Alitaka kujua nilivyolitoa, maana aliapa kwamba mguu wangu haujawahi kuingia chumbani kwake, anaijua sakafu yake.

Nikamwambia habari ya kasia.

Alinitazama. Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni. Akacheka mpaka akashika ukuta, mpaka Salama akaja kuangalia kuna nini, na yeye alipoambiwa wakacheka wawili. Mama Maimouna alipopata pumzi akasema amenisamehe, lakini kasia lirudi kwa mwenyewe leo hii, mwanaume wa watu asiendelee kuzunguka majini kwa ajili ya ukuta wangu.

Limerudi. Mvuvi alishukuru sana. Kwa muda fulani, nikipanda kutoka ufukoni mikono mitupu, nilijisikia mwepesi. Sijui ni nini. Nadhani ni njaa.

Alhamisi, 13 Novemba

Siku ya kwanza ya kurekodi. Rubens alikuja saa tatu na mashine yake ndogo, akamletea Mama Maimouna sukari, akamsalimu kwa kuinama. Wakaingia bironi. Rubens kwenye kiti changu. Mama kwenye kiti kizuri cha sebuleni. Mimi nimepewa kiti cha jikoni na visikizio, nimewekwa kwenye koridori, kati ya gunia la makaa na ndoo, ili nisiwasumbue.

Saa mbili na nusu wameongea. Nimeandika kurasa kumi na moja. Mukwe ametajwa mara nne. Rubens alitoka mara moja kuniuliza jina langu linaandikwa na h au bila h, kwa ajili ya kitabu. Nikamwambia na h. Twahiri. Aliandika kwa uangalifu.

Kazi ilipokwisha nikabaki koridorini, nikafikiri kosa langu lilikuwa wapi. Nataka niwe mkweli, hii ni shajara. Kosa halikuwa maneno. Maneno yalipokelewa vizuri, mtu alivua miwani. Halikuwa mwanga, halikuwa shati. Nimerudi nyuma hatua kwa hatua na nimelipata. Kosa ni moja tu: nilichukua kitu ambacho mwenyewe bado anasikia.

Na nikitazama vizuri, koridori hii ina ukuta. Si mpana, lakini kamera ikisogezwa karibu, kitu kimoja kinatosha. Kimoja cha maana.

Mchana alikuja mteja wa Salama kupimwa libaya, blauzi ya kitenge, mama kutoka Zongwe. Nikamletea maji ya kunywa, tukaongea. Ana baba mdogo wake kule, Papa Hénoc, anakaa peke yake. Ana kiti cha kuchongwa cha wazee wao, mwanamke wa mti amebeba kalio la kiti kwa mikono miwili, watu wamekuja kukitaka akakataa. Lakini masikini sasa hana nguvu. Wiki ya pili hajainuka kitandani. Na masikio yalishakufa zamani.

Nikauliza kama ana watoto karibu. Hana. Nikauliza kama kuna watu wanaomtembelea. Wachache. Yule mama akaguswa sana. Alimwambia Salama kwamba siku hizi mjini hupati mtu wa kumjali mzee asiyemjua.

Boti ya Zongwe inaondoka Jumamosi. Nitakwenda kumpa pole. Nimenunua machungwa. Nimeazima utepe wa Salama wa kupimia, nimeutia mfukoni. Hajauliza wa nini.